Mabakuli matatu na ubavu wa mwavuli

Saa 11 na nusu alfajiri nipo uani kwangu, Gongo la Mboto, naminyaminya mabakuli hata mswaki sijapiga. Niliyafinyanga juzi kwa mkono, kamba ya udongo juu ya kamba, nikayafunika nailoni. Masika hii udongo haukauki, unajivuta tu. Nautaka ule ugumu wa katikati: kidole hakizami, ukucha unaacha alama. Matatu yako tayari, matatu bado laini. Basi, ya leo ni matatu.

Saa 1, chai ya rangi na vitumbua, nusu nimesimama.

Saa 2 naanza kuchimba nakshi. Kifaa changu ni ubavu wa mwavuli mbovu. Waya ule una mfereji. Ukiukata mshazari na kuunoa kwenye jiwe, unanyanyua uzi safi wa udongo, haukwaruzi. Nachimba kina cha milimita 2 hivi. Nakshi yenyewe nimeiiba kwenye mkeka wa mama, namna ukili unavyopishana.

Saa 4, udongo wa rangi wa kujaza kwenye mistari niliyochimba. Hapa ndipo nililia mwaka jana. Nilijaza udongo mwekundu wa kawaida kwenye chombo cheupe. Mwekundu ukasinyaa zaidi, mistari ikabanduka kama gamba la kidonda. Sasa nachukua udongo uleule wa bakuli, ambao nusu yake ni kaolini, udongo mweupe wa Pugu, naukausha, naupondaponda, kisha kila gramu 500 natia gramu 40 za oksaidi ya chuma na manganizi kidogo ili uwe mweusi. Vumbi la manganizi si la kuvuta, kwa hiyo barakoa, na watoto wanakaa mbali.

Saa 5 najaza kwa brashi, uzito wa mtindi, mara tatu, maana ukikauka unadidimia. Bakuli linageuka tope tupu.

"Mama mdogo, mbona umeliharibu!" binti wa dada yangu ananishangaa.

"Subiri, mwanangu."

Yeye anadhani nimebuni mimi. Wafinyanzi wa Korea, enzi ya Goryeo, walijaza udongo mweupe na mweusi hivihivi kwenye vyombo vyao vya kijani tangu karne ya 12. Wao huita sanggam, Wajapani wakaita mishima. Mwavuli tu ndio wangu.

Mchana wali na maharage. Simu moja ya mteja anayetaka bakuli la nakshi kwa bei ya bakuli tupu. Sijapandisha sauti, nimekata tu.

Saa 9 nakwangua, kwa kipande cha msumeno wa chuma. Ukiwahi, weusi unapakaa kila mahali. Ukichelewa, unatoka mavumbi. Nafuata mstari ulivyolala, siukati. Tope linatoka vipande vipande, na ukili unajitokeza chini yake, ncha kali kama umekatwa kwa wembe. Binti kanyamaza. La pili nalo safi.

La tatu wingu limenikimbiza. Nimekwangua likiwa bichi, limekuwa kijivu upande mzima.

Saa 11 mvua imeshuka. Tumeyaingiza chumbani, yamelala kwenye kiti cha nguo.

Saa 4 usiku nimelifunua lile la tatu, taa ya simu mdomoni. Limekaza. Nimekwangua polepole pale penye kijivu, na mistari miwili imerudi.