Jua la saa saba: nilivyoanza picha za infraredi hapa Amu

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na studio ya picha hapa mjini Amu, ndo Lamu hiyo, enzi za filamu, na sheria aliyonirithisha ilikuwa moja tu: jua likishapanda tia kamera ndani ulale, utoke tena baada ya alasiri. Na hakukosea. Saa saba ya mchana Amu uso wa bi harusi unatoka na mashimo mawili badala ya macho, kuta za chokaa zinachoma, anga limepauka kama leso ilofuliwa mara mia. Miaka yote nimeifuata hiyo sheria, sasa nimeivunja, maana tangu kusi ya mwaka jana saa saba ndo saa yangu ya kazi, natoka na stendi begani wenzangu wamelala barazani wananiuliza kama jua limenipanda kichwani.

Kilichonitoa barazani ni picha moja. Kuna mgeni alifikia Shela, siku hiyo nimemtembeza mjini, tumekaa pale uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome akanionyesha kioo cha kamera yake. Ni pale pale tulipokaa lakini si pale, yaani miti imegeuka sufi, kila jani jeupe, anga nyuma yake jeusi karibu kama usiku na mawingu yametokeza kama yamechongwa, na ngome imesimama katikati ya kijivu. Nikadhani ni ujanja wa kompyuta. Akasema hapana, ni mwanga tu, ule usioonekana. Kesho yake akapanda ndege Manda akenda zake, mie nimebaki na neno moja, infraredi.

Basi nikaanza kusoma, na haya ndo nilotoka nayo. Mwanga hupimwa kwa urefu wa mawimbi yake, kipimo chake nanomita, na tunaouona kwa macho unaanza kama nanomita 400 za zambarau mpaka 700 za nyekundu. Baada ya hapo upo mwingine, macho hayaushiki, ila sensa ya kamera ya dijitali, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, inaushika mpaka karibu nanomita 1100. Wa kwanza kuujua ni William Herschel kule Uingereza, 1800, alipitisha jua kwenye kioo cha pembe tatu rangi zikatandazika, akaweka kipimajoto mpaka nje ya nyekundu pasipo na kitu, kikapanda. Picha zenyewe zilikuja baadaye sana, Robert Wood wa Marekani alizitoa 1910, na ule weupe wa majani mpaka leo wazungu wameupa jina lake, kwa hiyo ukiona wameandika Wood usidhani ni habari ya mbao kama nilivyodhani mie wiki nzima.

Kitu kimoja kiondoke kichwani mapema, maana kila nikieleza naulizwa hiki. Hii si kamera ya kuona joto. Zile zinazoona homa ya mtu zinafanya kazi kwenye nanomita elfu 8 mpaka elfu 14 huko, sensa yako haifiki hata ukiiombea dua. Hii yetu inapiga mwanga wa jua uleule uliogonga kitu ukarudi, basi. Jani linarudisha infraredi nyingi kwa sababu ile rangi yake ya kijani haiinyonyi, inapita, halafu ikifika ndani kwenye vichembe na vinafasi vya hewa inagongwagongwa mpaka inatoka tena nje. Anga la buluu halina infraredi ya kutawanya, linakuwa jeusi. Maji yanaimeza, yanakuwa meusi kama wino. Sasa fikiria mwenyewe Amu ina nini zaidi ya majani, anga na maji! Mkono wa bahari kati yetu na Manda, ile mikoko, saa saba jua liko utosini: mikoko myeupe imekaa juu ya maji meusi, na tanga la mashua likipita linang'aa. Hiyo picha alfajiri huipati.

Kamera niliyoanzia ni Nikon D70, ya 2004, megapikseli 6, nilishaitupa kabatini. Kumbe watu wa infraredi wanaitafuta. Kamera karibu zote kiwandani zinawekewa kioo mbele ya sensa cha kuzuia infraredi isiharibu rangi, zingine kioo kikali, zingine hafifu, na cha D70 ni hafifu. Ya kwako utaijua kwa rimoti ya TV: elekeza rimoti kwenye lenzi, bonyeza, piga picha ndani gizani. Ukiona kijitaa cheupe au cha zambarau kwenye ncha ya rimoti basi infraredi inapita, kikiwa kikali ndo uzuri zaidi. Hata simu inaonyesha, ikikataa ya nyuma jaribu ya mbele. Nilivyojaribu yangu ile taa iliwaka mpaka mtoto wa jirani akaona uchawi.

Halafu nikaagiza filta. Iliyo maarufu ni Hoya R72, inazuia karibu kila kinachoonekana na kuruhusu kuanzia kama nanomita 720, ukiishika mkononi ni kioo cheusi tu. Pima mdomo wa lenzi kwanza, imeandikwa mbele au kwenye kifuniko, yangu milimita 67 na mie nikaagiza 62 kwa haraka zangu, ikaja na boti ya kutoka Mokowe na bodaboda na gharama zote hizo halafu haifungi. Nimekaa nayo mpaka leo. Na nikuonye, kwa kuwa ni nyeusi mtu anaweza kushawishika kutazama jua kupitia hiyo filta. Usithubutu. Mboni inafunguka ikidhani ni giza na infraredi yote inaingia ndani ya jicho.

Filta sahihi ilipofika nikaenda uwanjani na shida ikaanza, maana ukishaifunga huoni chochote kwenye tundu la kutazamia, kamera za DSLR, zile zenye kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye tundu, ndivyo zilivyo. Kwa hiyo unaweka stendi, unapanga picha, unashika fokasi, unazima fokasi ya otomatiki, ndo unafunga filta polepole kama unafunga kofia ya chupa ya asali usitikise lenzi. Hizi za kisasa zisizo na kioo zinakuonyesha kwenye skrini hata filta ikiwepo, lakini nyingi kile kioo chao cha kuzuia infraredi ni kikali, unangoja sekunde 30 na zaidi. D70 yangu kwenye jua la hapa, ISO 200 (wepesi wa sensa kushika mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi), ni kama sekunde mbili hivi, wakati mwingine moja. Kwa sekunde mbili punda anayepita anabaki ukungu, mtu akikimbia anapotea kabisa, na minazi siku ya kusi kali inakuwa kama imechanwa na chanuo, mwanzo ilinikera sasa ninaipenda.

Picha za siku ya kwanza zilitoka nyekundu kama ubuyu. Zote. Hiyo ni kawaida, kamera imepotea mizani ya weupe, ufanyaje, unaiambia kwamba jani ndo nyeupe: filta ikiwa imefungwa unapiga picha ya majani yaliyojaa jua na unaiweka ndiyo kipimo. Mie nilitumia nyasi za makaburini njia ya Shela, nyasi zenyewe Amu za kutafuta. Baada ya hapo majani yanakuja meupe na anga linakuja kama kahawia, chapati iloungua. Lakini juu ya ule ubuyu kulikuwa na kitu kingine, doa la zambarau limepaka chini ya picha, nusu ya picha zote. Nikalaumu filta, nikalaumu sensa, nikafuta lenzi mpaka nikachoka. Ilinichukua siku nne kugundua kuwa jua lilikuwa mgongoni mwangu na linaingia kwa nyuma, kwenye tundu la kutazamia, kwa hizo sekunde mbili linavuja mpaka kwenye sensa. Kuna kifuniko kidogo cha plastiki walichotoa kwa kazi hiyo, changu sijui kiko wapi. Dawa yangu ni kofia ya vito, naivua naitundika juu ya kamera inafunika nyuma yote, utosi wangu unaungua picha inatoka safi.

Fokasi nayo ina ukorofi wake. Infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida, unashika mlango wa ngome sawasawa halafu picha inatoka laini. Lenzi za zamani zilikuwa na alama nyekundu pembeni ya namba za umbali, unasogeza kidogo mpaka hapo, nimeikuta kwenye lenzi za mjomba na miaka yote nikidhani ni pambo. Kama yako haina, funga tundu la lenzi mpaka f/8 au f/11 inajisitiri. Usizidi sana, picha inaanza kulainika tena, na lenzi nyingine zinatoa doa jeupe katikati, linazidi kuonekana kila unavyozidi kufunga. Nina lenzi moja ya mm 50, tamu kwa harusi, kwa infraredi haifai kabisa, kila picha ina mwezi katikati.

Sasa mama mdogo. Nilitaka kujaribu watu, nikamwomba asimame kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ule ua wa ndani, karibu na asumini yake, na nikamwambia asipumue. Akasimama. Baadaye kanambia alifunga pumzi kama anang'olewa jino. Nikamwonyesha. Uso umelainika, mabaka ya jua hayapo, ngozi kama ya msichana, akacheka, mashaallah, hiyo nisafishie niitundike. Halafu akaivuta karibu. Akanyamaza. Buibui lake jeusi limetoka rangi ya kahawa ya maziwa, na ushungi umebaki mweusi tii.

"Wee, hili buibui lina nini?"

Nikamweleza, kwamba rangi nyeusi za nguo haziko sawa, nyeusi kwa macho siyo nyeusi kwa infraredi, nyingine zinairudisha. Hakunisikiliza hata kidogo. Amekwenda kwenye mwanga, ameshika buibui mkono mmoja ushungi mkono mmoja, anaangalia. "Kaniuzia kwa pamoja, kanambia ni kitambaa kimoja, rangi moja." Jioni ile ile kaenda na kamera yangu shingoni mpaka dukani Usita wa Mui, sijui wameongea nini ila alirudi na ushungi wa pili wa bure. Tangu hapo majirani wananiletea mabuibui niyapime, wallahi. Na wengine wanauliza kwa kunong'ona kama inaona ndani ya nguo. Kitambaa chepesi kinaweza kupitisha kidogo, ndo ukweli, kwa hiyo mie mtu asiyejua na asiyekubali simpigi na hii kamera, na ninayempiga namwonyesha picha kabla sijatoka kwake.

Kwenye kompyuta kazi siyo kubwa. Piga kwa faili ghafi (RAW), siyo JPEG, halafu kuna ule mchezo wa kubadilisha nyekundu na buluu, GIMP ni programu ya bure na ina kichanganya chaneli, kwenye nyekundu unaweka nyekundu 0 buluu 1, kwenye buluu kinyume chake, kijani uiache. Lile anga la chapati iloungua linarudi buluu na majani yanabaki meupe yenye umanjano kidogo. Ikikukataa igeuze nyeusi na nyeupe tu, mie nyingi naishia hapo. Lightroom, programu nyingine, ilinisumbua, mizani yake ya weupe haishuki vya kutosha mpaka utengeneze profaili.

Najua kuna wanaosema kwa nini usitoe kile kioo cha ndani kabisa. Inafanyika, mafundi wanaweka mahali pake kioo cha nanomita 720 au 590, kamera inapiga infraredi kwa mkono bila stendi, ila kuirudisha kuwa ya kawaida si rahisi. Mie nilijaribu mwenyewe kwa kikamera kidogo cha mfukoni, nimetoa betri, nimejiona fundi, bisibisi ikagusa kapasita ya flashi. Ile inaweka kama volti 300 hata betri ikiwa nje. Nilirusha kamera nikajikuta nimekaa sakafuni na mkono umekufa ganzi mpaka kiwiko. Nilivyopoa nikamalizia, wacha nisifiche, nikatoa kioo na mahali pake nikaweka tabaka mbili za negativu ya rangi, ile ncha nyeusi ya filamu iloingia mwanga ikasafishwa, kwenye makopo ya mjomba ziko tele. Inazuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Lazima iwe ya rangi, ya nyeusi na nyeupe ina fedha ndani, haipitishi. Picha zake si kali, fokasi imehama, lakini naipiga nikitembea na imenipa picha mbili za mikoko ambazo D70 haijanipa.

Ninachotaka sasa ni Takwa, kule Manda, ile mibuyu katikati ya magofu. Nimekwenda kwa nahodha wangu nikamwambia nataka kufika saa sita niwe nimesimama pale saa saba. Akacheka. Ule mkono wa kuingilia unataka maji yajae, bamvua, yale maji makubwa, linajaa alasiri jua limeshalala, na siku yanapojaa karibu na adhuhuri ni maji mafu, hayapandi sana, mashua yake inagusa tope. Akaniambia jua lako na maji yangu havijuani. Tumehesabu kwa vidole barazani kwake mpaka tumepata siku moja, maji saa nane, tukienda mbio nina kama nusu saa. Kofia iko mkobani tayari.