Karatasi ya Vyakula Vilivyokatazwa

Kwa miaka mingi ya uuguzi wangu katika kitengo cha kusafisha damu kwa mashine, kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, hapa Dar es Salaam, nilikuwa na karatasi moja niliyoithamini mno. Upande wa kushoto ilitaja vyakula vilivyoruhusiwa, navyo vilikuwa vichache. Upande wa kulia ilitaja vilivyokatazwa, vikajaza ukurasa hadi chini: maharage, ndizi, viazi, mchicha, nyanya, madafu, tende, dagaa, nyama. Kila mgonjwa mpya nilimkabidhi nakala yake, nikamsomea kwa sauti ya mwalimu, kisha nikaandika kwenye faili kwamba elimu ya lishe imetolewa. Niliacha kuigawa baada ya kuona ilivyomfanya mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye aliitii kuliko wagonjwa wote.

Mzee huyo alikuwa akija mara tatu kwa wiki, na kukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne kila mara. Alikuwa akifika na kilo 64 na nusu, mashine inamtoa maji, anaondoka na kilo 62, na kwa kuwa hesabu hiyo haikubadilika kwa miezi, sisi tuliridhika. Siku moja alipokuwa akipanda kitandani niliona kiuno cha suruali yake kimepunguzwa mara mbili, mshono juu ya mshono, kwa mkono wake mwenyewe. Nilipomuuliza, mkewe ndiye aliyejibu: “Sista, nguo zote anazipunguza, na usiku halali mpaka nimwekee mito mitatu.”

Maelezo yake ni mepesi, na hilo ndilo linaloniumiza. Mwili ulikuwa umepungua nyama, maji yakachukua nafasi yake hata akawa hawezi kupumua vizuri akilala chali, na mizani haijui kutofautisha kilo ya nyama na kilo ya maji. Ule uzito mkavu tuliokuwa tukiulenga, yaani uzito wa mtu aliyeondolewa maji yote ya ziada, ulikuwa umepitwa na wakati. Daktari aliushusha kidogo kidogo hadi kilo 58, na mzee akarudi kulala kwa mto mmoja.

Tulipomhoji kuhusu chakula, tulikuta asubuhi ni chai ya rangi na mkate, mchana wali na kabichi, usiku uji. Hata yai, ambalo karatasi haikulitaja, aliliogopa. Tena kabla ya kuanza mashine aliwahi kuambiwa apunguze protini ili kuzipumzisha figo, jambo lililokuwa sahihi kwa wakati ule, lakini hakuna aliyemweleza kwamba mtu akishaanza kusafishwa damu ushauri huo hugeuka. Sasa anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa sababu, pamoja na mengine, kila awamu ya mashine huondoka na gramu 6 hadi 12 za asidi amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Mtu wa kilo 60 anatafuta gramu 60 hadi 72. Yai moja linampa kama 6, na kipande cha samaki cha gramu 100 kinampa takriban 20. Uji mtupu haufiki huko.

Siku hizi siulizi mgonjwa anakula nini. Namuuliza nani anapika, kisha naomba kuzungumza na huyo. Mtaalamu wa lishe, pale alipo, hupita kitandani kwa dakika chache, ilhali muuguzi anakaa na mgonjwa saa 12 kila wiki, na katika saa hizo mazungumzo ya jikoni yana nafasi ya kutosha. Mke wa mzee alinieleza hatua kwa hatua anavyopika ndizi mbichi, nami nikabadilisha hatua mbili tu: amenye na kukata vipande vidogo, achemshe katika maji mengi, ayamwage, achemshe tena kwa maji mapya, ndipo aunge. Potasiamu, madini ya vyakula hivi ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa mwilini, huhamia kwenye maji, kwa hiyo mchuzi wa kwanza hauliwi. Mchicha nao huchemshwa na maji yake kumwagwa. Mwezi wa Ramadhani, hata kwa mgonjwa asiyefunga, futari ya mihogo, magimbi na viazi vitamu hupikwa kwa namna hiyo hiyo na kuliwa kidogo.

Yapo machache ambayo bado nayakataza bila haya. Maji ya dafu yana karibu miligramu 250 za potasiamu katika kila mililita 100, hivyo dafu moja kubwa linaweza kumaliza zaidi ya theluthi ya miligramu 2,000 ambazo wengi huwekewa kuwa kikomo cha siku, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo pasipo kubisha hodi. Lile tunda ambalo likikatwa hutoa vipande vyenye umbo la nyota halina kiasi kilicho salama kwa mtu wa mashine: huanza kwa kwikwi zisizokoma, na huweza kuishia kwenye degedege na kifo. Kuhusu maji ya kunywa sisemi sana, kwani anayepunguza chumvi hupunguza kiu.

Mazoezi yalikuwa magumu zaidi kuyaanzisha, maana familia nyingi huamini mgonjwa hupona kwa kulala. Isitoshe, tukiutaja mkono wa fistula, yaani ule ulioungwa mshipa kwa ajili ya sindano, ndugu hushtuka wakidhani tunazungumzia ile fistula ya uzazi. Mkono huo hautikiswi mashine inapofanya kazi. Miguu ndiyo inayofanya mazoezi. Hatuna baiskeli za kitandani, kwa hiyo tunatumia vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ambavyo mgonjwa huvisukuma kwa unyayo katika saa mbili za kwanza, kabla shinikizo la damu halijaanza kushuka. Mwenye homa, maumivu ya kifua au shinikizo lililopanda sana huachwa apumzike.

Sitadai kwamba mazoezi ni dawa ya kila kitu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2021 haukuona ubora wa maisha ukiongezeka kwa mazoezi ya kwenye mashine. Lakini Italia, mwaka 2017, wagonjwa waliopewa mpango wa kutembea nyumbani kwa miezi 6, chini ya usimamizi wa wahudumu wa mashine, waliongeza umbali wanaoutembea kwa dakika 6 kutoka mita 328 hadi 367. Na Ujerumani, mwaka 2023, waliofanya mazoezi kitandani kwa mwaka mmoja walitoka kunyanyuka kitini mara 16 kwa dakika hadi 19, ilhali wenzao wasiofanya walishuka hadi 15. Kwa mtu anayehitaji kwenda msalani bila kushikwa mkono, tofauti hiyo naiona kubwa.

Mzee alianza kwa kunyanyuka mara 6. Wiki iliyopita alifika 11, akakaa akihema na kucheka, kisha akaniuliza kama sasa anaweza kuufumua ule mshono wa pili wa kiuno. Nilimbonyeza vifundo vya miguu kwa kidole gumba, nikatazama kama shimo linabaki, dalili ya maji yaliyozidi, nikamwomba asubiri hadi tumpime baada ya mashine.