Dragoni kwa mkono

Wale wanauliza hii tatuu yangu, ndio ni dragoni, na si ya Kichina ni ya Kijapani, hesabu kucha utapata tatu, haina mabawa, mwili mrefu unajikunja katikati ya mawimbi. Ya China yenye kucha tano ilikuwa ya mfalme mkuu, raia wa kawaida akivaa nguo yenye hiyo alama ni shida tupu. Na huko kwao joka ndiye huleta mvua, wazee walikuwa wanamwomba wakati wa ukame.

Sasa elezea mtu hayo ndani ya matatu ya Rongai. Mama mmoja juzi aliangalia mkono wangu weeh, kutoka bega mpaka kiwiko, akauliza polepole, "Kijana, umeokoka?" Na simlaumu, Ufunuo 12 joka jekundu lenye vichwa saba ni Shetani mwenyewe, na Mtakatifu George kila picha anamdunga mkuki. Nikamwambia Wales wameweka joka jekundu kwa bendera na makanisa yao yako tu, akasema hao ni wao.

Kitu hunichekesha ni Japani kupiga marufuku tatuu 1872 hadi 1948, na bado Mfalme George wa 5 wa Uingereza, akiwa mwanamaji kijana 1881, alitoka huko na dragoni mkononi. Mjukuu wa Malkia Victoria jameni! Mimi nikienda interview lazima mikono mirefu, hata jua likiwaka vipi.