Tumbili Asitajwe Mapema: Jinsi Utani wa Redio ya Asubuhi Unavyopangwa

Msikilizaji wa asubuhi yuko kwenye daladala, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kalinda mfuko, na spika iliyo juu ya kichwa chake imepasuka. Ukimchosha hazimi redio, maana redio si yake. Ila jioni akifika kwake anafungua kituo kingine. Watangazaji wawili wanaomfikia huyu kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi husikika kama wanapiga soga tu, na wakiifanya kazi vizuri ndivyo inavyotakiwa isikike. Lakini soga hiyo imepangwa, tena kuanzia mwishoni. Kwanza inajulikana sentensi ya kufungia, kisha wimbo utakaofuata, ndipo inatafutwa njia ya kuingilia.

Tuchukue habari moja ya kweli tuipike. Tarehe 7 Juni 2016, saa 5:29 asubuhi, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana nchini Kenya, akadondokea transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ya kituo ikaelemewa nayo ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. KenGen, kampuni inayozalisha umeme huo, walitoa taarifa, na picha ya mhusika wakaiweka. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na KWS, shirika la wanyamapori.

Mtangazaji asiyejipanga ataanza hivi: “Habari ya ajabu leo, tumbili azima umeme Kenya nzima!” Basi, imekwisha. Neno lenye kuchekesha limeshatoka, na dakika mbili zilizobaki ni za kulielezea. Kichwa cha habari cha gazeti kinaandikwa ili msomaji ajue mapema. Utani unataka msikilizaji achelewe kujua. Ukigeuza mpangilio unapata hivi:

— Dada, kuna jamaa aliwahi kuzima umeme Kenya nzima. Saa tatu na ushee.
— Alikuwa anadaiwa bili?
— Hana hata mita.
— Ahaa, kajiunganishia.
— Hapana, alipitia juu ya paa.
— Mwizi wa nyaya huyo!
— Tumbili.

Angalia kazi ya yule dada. Kila anachokisia ndicho anachokisia abiria aliyeshika bomba. Makisio matatu yanatosha. Ukiweka la nne, msikilizaji anaanza kuhisi anazungushwa. Na “jamaa” ni neno lililochaguliwa makusudi: halisemi uongo kupita kiasi, wala halifichui. Ungesema “mtu mmoja”, ungekuwa umedanganya, na wapo watakaokupigia simu kukukumbusha.

Baada ya kicheko ndipo unaingiza ukweli: tarehe, Gitaru, megawati, taarifa ya KenGen. Sekunde 25 hivi zinatosha. Wengi huruka hatua hii kwa kuogopa kupoa, na matokeo yake msikilizaji anabaki akijiuliza kama ni kweli au ni mambo ya WhatsApp. Ukweli ndio unaokipa kicheko cha pili nguvu.

Kisha unafunga. Kifungio cha kwanza kinachokuja kichwani ni cha watu kulala na mishumaa. Hakifai, kwa sababu umeme ulikatika karibu na adhuhuri na ulirudi mchana. Wakenya wengi wanaikumbuka siku hiyo, na utani unaokosea saa unaonyesha hukusoma. Nani basi anaumia umeme ukikatika saa tano na nusu asubuhi? Kinyozi. Kwa hiyo: “Tumbili kapewa makao ya serikali. Mteja wa kinyozi kaachwa na nusu kichwa.” Hapo wimbo uanze ndani ya sekunde moja. Asiongeze mtu neno. Kuna watangazaji wanaoharibu kila siku kwa kusema “yaani nusu kichwa, hahaha, imagini”, na hapo ndipo kicheko cha daladala kinapofia.

Swali linalobishaniwa sana ni kama mwenzako aijue habari kabla. Msimamo wetu: aijue mada, asijue neno la mwisho. Produsa anamwambia “kuna habari ya umeme kukatika Kenya, wewe kisia”, na kuishia hapo. Kicheko cha kughushi kinajulikana kwa wakati wake: huanza mapema mno, kabla neno halijamalizika. Kicheko cha kweli huchelewa kidogo, maana akili inahitaji nukta ya kuelewa. Spika hata ikiwa imepasuka, tofauti hiyo inasikika.

Wawili hao wasifanane. Kwenye Radio Jambo ya Nairobi, Gidi alitoka kwenye muziki, kundi la Gidi Gidi Maji Maji, na Ghost Mulee alitoka kwenye ukocha. Ndiye aliyeipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004. Habari moja ikitua mezani, kila mmoja anaivutia kwake. Classic 105 nao kwa miaka mingi walimweka Maina Kageni aulize kwa upole, na Mwalimu King'ang'i, yaani Daniel Ndambuki, ashike upande wa ukaidi na asiuachie. Wawili wakiwa wachekeshaji wote wanagombania sentensi ya mwisho. Wakiwa wapole wote, hicho ni kipindi cha salamu.

Sasa muziki, ambako ndiko makosa mengi hutokea. Kila wimbo una mwanzo wa ala kabla mwimbaji hajaingia, na wewe unaweza kuongea juu ya mwanzo huo mpaka nukta moja kabla ya sauti. Ukizidisha umemkanyaga mwimbaji. Ukimaliza mapema sana kunabaki uwazi. Programu nyingi za kurushia nyimbo, kama RadioDJ ambayo ni ya bure, zina alama ya kuweka mahali sauti inapoanza, na mtangazaji akaona sekunde zikihesabu kurudi nyuma. Kazi ya kuweka alama hizo ni ya kuchosha na hakuna anayeisifu. Ifanye kwa mkono, wimbo kwa wimbo, ukisikiliza. Usiache alama ya makadirio, na uangalie nyimbo zenye mtu anayeita “eeh!” au kutaja jina la produsa sekunde ya nne: hiyo nayo ni sauti.

Maneno ya Kiswahili ni marefu. Ukiongea kwa kasi ya kueleweka unatoa kama maneno mawili kwa sekunde, hivyo mwanzo wa sekunde 12 unakupa maneno 24, si zaidi. Bongo fleva nyingi hazikupi hata hizo, sauti inaingia karibu mara moja, kwa hiyo utani umalizike kabla wimbo haujaanza. Rumba na muziki wa dansi ni wakarimu kwa njia mbili: magita ya mwanzo, na sebene la mwishoni ambalo mwimbaji ameliachia nafasi, unaweza kurudi hewani juu yake. Taarabu ina mwanzo mrefu wa kuongea mpaka uchoke, lakini wimbo wenyewe unaweza kupita dakika kumi, na saa moja na nusu asubuhi haukai. Tayarisha toleo lililokatwa mapema, mwisho wa ubeti. Ukifyeka katikati ya mstari, mashabiki wa taarabu hawasamehi. Singeli achana nayo kabisa kwa kuongelea juu: mapigo mara nyingi hupita 200 kwa dakika, na sauti ya mtu hupotea humo. Ianzishe baada ya kufunga, ipige yenyewe.

Wala usitafute wimbo unaotaja kitu cha kwenye habari. Habari ya tumbili, wimbo wa wanyama. Habari ya mvua, wimbo wa mvua. Baada ya wiki msikilizaji anabashiri wimbo kabla yako. Linganisha hali, yaani kasi na uchangamfu, na inatosha.

Chini ya maongezi hupigwa muziki wa kitanda, usio na maneno. Uweke chini ya sauti zenu kwa desibeli 15 hadi 20. Studio yenye hedifoni nzuri inadanganya, kitanda kinaonekana kiko chini kumbe kwenye simu ya bei rahisi kimefunika maneno. Jaribu kwa spika ndogo. Kiwe kinajirudia bila mshono, maana kitanda kikikatika katikati ya sentensi mnasikika kama mmefukuzwa.

Na kicheko chenyewe kina ufundi. Maiki inakaa umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni. Ukicheka, geuza uso pembeni kidogo. Usipogeuka, kilele cha kicheko kinaichokoza kompresa, yaani mtambo unaobana sauti ikizidi, nayo inashusha kila kitu kwa pamoja, kitanda kinazama kisha kinaibuka kwa kuhema, na neno la mwenzako linapotea. Wengi humlaumu fundi mitambo kwa hili.

Simu za wasikilizaji hazirushwi bila kuchujwa. Produsa anauliza jina atakalotumia hewani, anataka asimuliwe kisa kwa sentensi moja, na anamwambia azime redio iliyo karibu na aondoe spika ya simu. Asiyeweza kusema kisa kwa sentensi moja hataweza kwa dakika tatu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usikilizwe wote, mpaka sekunde ya mwisho, kwa sababu tusi hupenda kukaa mwishoni. Kama kituo kina mtambo wa kuchelewesha matangazo, kwa kawaida sekunde saba hivi, kumbuka mambo mawili. Mtangazaji asijisikilize kutoka hewani, atapata kigugumizi. Na ukishabonyeza kufuta tusi, akiba ya sekunde imetumika na mtambo unaijenga upya pole pole. Tusi la pili likija mara moja linapita. Kata simu palepale, mpe wimbo.

Kuchagua habari: itafute isiyo na majeruhi wala mtu wa chini wa kuchekwa. Mwaka 2016 Uingereza ilipowaachia wananchi wapendekeze jina la meli ya utafiti, jina la Boaty McBoatface liliongoza kwa kura 124,109. Aliyelipendekeza alikuwa mtangazaji wa zamani wa redio. Serikali ikaiita meli Sir David Attenborough, na jina la utani likapewa nyambizi isiyo na mtu ndani. Habari ya namna hiyo inafungua simu zenyewe: kivuko kipya cha Likoni au Kigamboni kingeitwaje kama abiria wangepiga kura? Ngumu zaidi ni kama ile ya Makurdi, Nigeria, Februari 2018, mfanyakazi wa bodi ya mitihani alipodaiwa kusema nyoka amemeza naira milioni 36. Hapo kuna mtuhumiwa halisi. Mcheke nyoka, muulize alichenji wapi, na neno “alidaiwa” lisikose. Kwa Kenya kumbuka pia kwamba kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinahesabu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda ambao watoto wanasikiliza. Mambo ya chumbani, yanayopendwa sana na redio za asubuhi, yamo humo humo.

Simu za kumtania mtu bila kumwambia yuko hewani zirekodiwe, na zirushwe baada ya yeye kukubali. Desemba 2012 watangazaji wa 2Day FM ya Sydney waliipigia hospitali ya London wakijifanya familia ya kifalme. Muuguzi aliyepokea simu hiyo alifariki siku chache baadaye, na kesi kuhusu leseni ya kituo ilifika Mahakama Kuu ya Australia.

Kipindi kikiisha, vipande vya mtandaoni vikatwe bila wimbo. YouTube hutambua hata kitanda kilichopigwa chini ya maongezi, kwa hiyo rekodi maiki kwenye njia yake peke yake tangu asubuhi. Kutenganisha sauti na muziki baadaye kunaacha mwangwi wa bati. Kata mara baada ya neno la mwisho, uache nusu sekunde ya kicheko.