Kuajiri mshauri wa asbesto kwa majengo ya umma: yaliyotufaa, na ushauri mnaopaswa kuukataa

Ushauri wa kwanza niliopewa, na niliupata kwa watu wenye vyeo, ulikuwa huu: kuhusu asbesto, zile nyuzi za madini zilizomo katika vifaa vya ujenzi vya zamani, tafuta kampuni moja iipime, iitoe, iizike, ilete risiti. Naandika kwa sababu ushauri huo bado unazunguka katika ofisi za umma hapa Nairobi, na ni mbaya. Anayelipwa kwa kila mita ya mraba anayoing'oa hawezi kuwa ndiye anayeamua ni mita ngapi zing'olewe. Wala hawezi kuwa ndiye anayepima hewa na kutangaza kuwa pako salama baada ya kazi yake mwenyewe. Sisi tuliandika kwenye hadidu za rejea kwamba mshauri, kampuni dada zake na washirika wake hawataruhusiwa kuomba kazi ya uondoaji. Waombaji wawili walijitoa hapo hapo, na nilishukuru.

Majengo yetu ni ya miaka ya 1950 hadi 1970: madarasa, mabweni, jiko kubwa lenye boila, chumba cha kufulia na ofisi. Kabla jukumu hili halijanifikia, taasisi ilikuwa imekwisha kulipia ripoti ya kampuni moja. Ilikuwa nene, yenye picha nyingi za paa, bila sampuli hata moja. Kila mahali iliandika "inadhaniwa kuwa na asbesto", na katika ukurasa mmoja ikaeleza hali ya ghorofa ya nne. Hatuna jengo linalozidi ghorofa mbili. Ripoti hiyo ilipendekeza paa zote zitolewe mara moja, na bila shaka kampuni yenyewe ilikuwa tayari kuzitoa.

Asbesto si paa peke yake, na hapa ndipo tulipowachuja waombaji. Tuliweka siku moja ya lazima ya kutembelea majengo, wote kwa pamoja, na fundi wetu akawazungusha bila kuwaonyesha chochote kwa kidole. Kisha katika pendekezo la kiufundi tukadai kila mmoja aorodheshe vitu alivyoviona ambavyo angevichukulia sampuli, na mahali vilipo. Kipengele hicho kilikuwa na alama 25 kati ya 100, na kilitajwa wazi kwenye hati za zabuni ili asiwepo wa kulalamika.

Majibu yalitofautiana kama usiku na mchana. Walio wengi waliandika "paa na dari", basi. Wachache waliona vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9, vile vya zamani vya vinyli. Mwombaji mmoja tu aliandika hivi: vigae hivyo pamoja na gundi nyeusi ya lami iliyo chini yake, kamba nyeupe inayozunguka mlango wa boila, gasketi kwenye viungio vya mabomba ya mvuke, kibao kilicho nyuma ya fyuzi katika sanduku la umeme la zamani, tangi la maji juu ya dari la bweni, mabomba ya kuteremsha maji ya mvua, na ule mkandiko mweupe uliofungwa juu ya mabomba ya maji moto ili joto lisipotee. Aliongeza kwamba dari la ofisi linaonekana kuwa jipya na huenda limefunika la zamani, kwa hiyo lifunguliwe kona moja. Huyo hakuwa na bei ya chini. Lakini tulikuwa tumeamua ubora ubebe asilimia 80 na bei 20, na asiyefikisha 75 katika ufundi bahasha yake ya bei isifunguliwe. Kwa uzito huo, bei ya chini haiwezi kuibeba kazi dhaifu.

Afisa wa ununuzi atakushawishi uchague mwenye bei ya chini kabisa ili ukaguzi wa hesabu usisumbue. Mweleze kwa heshima kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu huduma za ushauri zipimwe kwa ubora pamoja na gharama, na mkaguzi wa hesabu anachotaka ni vigezo vilivyoandikwa mapema na kufuatwa.

Kuhusu vyeti, msidanganyike. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira huhuishwa kila mwaka na mnaihitaji, ila haisemi kwamba mwenyewe amewahi kushika sampuli ya asbesto. Wapo waliobobea katika mito na misitu. Tuliomba vyeti vya BOHS, chama cha Uingereza cha usafi na afya kazini, au vinavyolingana navyo, kwa majina ya watu watakaofika kazini na si kwa jina la kampuni: P402 kwa mkaguzi, P403 na P404 kwa wa kuhesabu nyuzi na kupima hewa, P405 kwa wa kusimamia uondoaji. Bima ya dhima ya kitaalamu nayo isomwe mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu bima nyingi za aina hiyo zina kifungu kinachoitoa asbesto nje kabisa. Unaletewa cheti kizuri cha mamilioni, na siku ya dai hakina kazi.

Bei tuliigawa mafungu: ada ya ukaguzi kwa kila jengo, bei ya kila sampuli pamoja na maabara, ada ya siku ya kusimamia mkandarasi, na bei ya kila kipimo cha hewa. Sampuli zikifichwa ndani ya bei ya jumla, kila moja inayochukuliwa ni hela inayomtoka mshauri mfukoni, na utashangaa jinsi atakavyoona majengo yote yanafanana. Kwa plasta ya kuta na dari tulitumia kanuni ya Marekani kama kiwango cha chini: sampuli 3 kwa eneo la aina moja lisilozidi futi za mraba 1,000, yaani kama mita za mraba 93, sampuli 5 hadi futi 5,000, na 7 kupita hapo. Jumla ya ada yote ilifika milioni moja na ushei. Ukiisikia peke yake ni nyingi. Ukiiweka kando ya bei ya kung'oa paa zote kama ilivyotaka ile ripoti ya zamani, ni ndogo.

Hadidu zitaje pia aina ya ukaguzi, maana ziko mbili. Wa usimamizi ni wa jengo linaloendelea kutumika, ukuta hauvunjwi. Wa kabla ya ukarabati au ubomoaji hufungua dari, hutoboa kuta na huhitaji chumba kitupu. Ukilipia wa kwanza kisha ukamwita mkandarasi wa ukarabati, atakutana na asbesto siku ya kwanza ya nyundo na kazi itasimama huku ukidaiwa fidia ya kila siku.

Mkaguzi anayejua kazi utamtambua kwa chupa ya kupulizia maji. Wetu alitandika karatasi ya nailoni chini, akavaa barakoa ya FFP3 na ovaroli ya kutupa, akapulizia maji yenye sabuni kidogo mpaka mahali pakalowa, kisha akakata kipande kidogo kwa patasi. Kwenye mkandiko wa bomba alichoma hadi chuma, kwa sababu matabaka hutofautiana na asbesto inaweza kuwa katika lile la ndani tu. Kipande kikaingia mifuko miwili, kila mfuko na namba yake, patasi ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji, shimo likazibwa. Akija mtu na keekee na mikono mitupu, mrudishe getini.

Na mtafutieni fundi wenu mkongwe aandamane naye. Michoro ya awali ya majengo ya umma mara nyingi haipatikani, lakini fundi yupo.

"Mzee, hii nyeupe kwenye bomba iliwahi kubadilishwa?" mkaguzi akauliza katika chumba cha boila.

"Nusu tu, kijana. Ile ya nyuma ya tangi hatukuigusa, mkono haukufika."

Nusu ile mpya ilitoka safi. Ya nyuma ya tangi ilikuwa amosaiti, yaani asbesto ya kahawia, imechanika na kumwagika sakafuni. Bila yule mzee, sampuli ingechukuliwa mahali panapofikika na chumba kizima kingeandikwa salama.

Sampuli zipelekwe maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo cha asbesto hasa. Waulizeni wawaonyeshe orodha ya vipimo vilivyothibitishwa, si nembo tu. Zikienda nje ya nchi, msafirishaji aulizwe kabla, maana asbesto tupu ni mzigo hatari wa daraja la 9.

Majibu yakirudi, mshauri ayapange kwa hatari na si kwa ukubwa wa eneo. Wetu alitumia alama za Uingereza: aina ya kifaa, uharibifu, jinsi kilivyofunikwa, na aina ya asbesto, kisha zinajumlishwa, za juu kabisa zikiwa 12. Paa letu la saruji lenye asbesto nyeupe na nyufa chache lilipata 1+1+1+1, yaani 4, hatari ndogo sana. Ule mkandiko wa nyuma ya tangi ulipata 3+3+3+2, yaani 11, na kuanzia 10 ni hatari kubwa. Paa ambalo kila mtu alilipigia kelele lilisubiri kwa usalama, na chumba cha boila alichokuwa akiingia fundi kila asubuhi kilifungwa siku ile ile. Magonjwa haya, asbestosisi, saratani ya mapafu na mesotelioma, huchukua miaka mingi kujitokeza, hata zaidi ya 20. Ndiyo maana nawaomba msipange kazi kwa kinachoonekana kutoka barabarani.

Katika safari hiyo hiyo mshauri aandikiwe aangalie rangi ya risasi kwenye madirisha, taa za mirija zenye zebaki na kapasita kuukuu zinazoweza kuwa na PCB, kemikali za sumu. Gharama inaongezeka kidogo tu.

Ratiba nayo ina mtego wake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, pesa huchelewa, na watu hukimbilia kusaini kabla ya 30 Juni. Mkataba wa Machi maana yake paa linafunguliwa kwenye masika. Tuliweka ukaguzi robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, zabuni ya uondoaji robo ya pili, na paa lililokuwa limevunjika vibaya, la stoo, likashushwa Januari na Februari.

Wakati wa kushusha, mshauri awe juu ya jukwaa, si ofisini. Hakuna grinda, hakuna maji ya shinikizo, hakuna kurusha. Boliti zilizoshika kutu hukatwa kwa mkasi wa boliti, mabati hulowanishwa na kuteremshwa mazima. Watu watembee juu ya mbao, kwa maana bati la asbesto huvunjika ghafla bila kuonya. Kila fungu lifungwe nailoni mbili za geji 1000, yaani maikroni 250, na liandikwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo mkandarasi aeleze mapema nailoni yake anaitoa wapi na kwa idhini gani.

Kuna hesabu moja mshauri wetu aliifanya ambayo kila msimamizi aichukue. Mabati hayo ya mawimbi yana uzito wa karibu kilo 15 kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita 1,000 litoe kama tani 15. Linganisha na mizani iliyo kwenye hati za kufuatilia taka kutoka eneo lenye leseni ya NEMA. Mabati mazima yana wanunuzi wa mabanda. Hati ikionyesha tani 9, jiulize tani 6 zimeezeka nini.

Kwa chumba cha boila, kulikuwa na hema la nailoni lililofungwa na kunyonywa hewa, na baada ya usafi mshauri alikagua kwa tochi kabla ya kuwasha pampu yoyote ya kupimia hewa. Vumbi likionekana, kipimo hakifanywi. Pampu ilivuta lita 8 kwa dakika kwa saa nzima, lita 480, na tulikubali chini ya nyuzi 0.01 kwa kila mililita. Paa la nje halihitaji mtindo huo. Hapo kinachotafutwa ni vipande vilivyoanguka kwenye mifereji na udongo.

Asilimia 20 ya ada ya mshauri tuliizuia mpaka hati zote za kufuatilia taka zifike na rejista ya asbesto ikabidhiwe. Nakala ya rejista iko karakana, na yeyote anayetaka kutoboa ukuta, hata fundi wa intaneti, husaini kwanza. Ukaguzi wa marudio ni kila baada ya miezi 12, na ada yake ya siku imo ndani ya mkataba uleule, kwa hiyo hatutangazi zabuni upya.