Siku yangu katika kitongoji kisicho na barabara, Maharashtra

Saa kumi na moja alfajiri. Mvua ya Julai inapiga bati, mwenyeji wangu ameshakoleza moto. Nasoma shahada ya pili mjini Pune, India, na msimu huu napita nyumba kwa nyumba kwenye vilima vya magharibi mwa Rajgurunagar, tarafa ya Khed, nikiuliza mambo mawili: nani anaishi hapa, na akitaka kutoka anatokaje? Mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa huku, ndiye mkalimani wangu wa Kimarathi.

Saa kumi na mbili tunashuka na wanafunzi hadi kijiji kikubwa, kilicho na kituo cha basi. Wasichana wamevua viatu na kuvitia kwenye mfuko wa plastiki. Wakifika bombani wanaosha matope miguuni, ndipo wanavaa. Basi jekundu la jimbo lisipotokea, kuna gari aina ya jeep, linaloondoka likijaa. Tangu Machi 2023 wanawake wa Maharashtra hulipa nusu nauli kwenye mabasi ya jimbo. Kwenye jeep hakuna nusu nauli, kwa hiyo siku basi linapokosekana mama na binti ndio wanaoumia zaidi.

Saa tatu tuko mashambani, maana hii ni wiki ya kupandikiza mpunga na nyumbani hakuna mtu. Bibi mmoja anajibu akiwa ameinama, miche mkononi. Anataja wanawe wawili walioko Mumbai, wanaosambaza vyakula vya mchana maofisini. Wasambazaji hao, waitwao dabbawala, wengi hutoka vilima hivi vya Pune. Anataka niwaandike. Namweleza kwamba tunaandika wanaolala hapa tu. Ananijibu kwa ukali: "Wangekuwa wanalala hapa, kama kungekuwa na barabara!"

Maneno hayo nimekaa nayo hadi mchana, kwa sababu bibi amegusa penyewe. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, PMGSY, ulianza Desemba 2000, na kigezo chake ni idadi ya watu: makazi ya tambarare yawe na watu 500 au zaidi, kwa majimbo ya milima, jangwa na maeneo maalumu ya makabila, 250. Maharashtra haimo kwenye majimbo ya milima, hivyo kitongoji hiki chenye mteremko wa kukata pumzi kinapimwa kama tambarare. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024, inalenga makazi 25,000 na kilomita 62,500, na inatumia sensa ya 2011. Sensa ya 2021 iliahirishwa. Ijayo ni ya 2027. Watu wachache, hakuna barabara. Hakuna barabara, vijana wanaondoka, na hesabu inazidi kushuka. Huu si uzembe wa wanakijiji, na inaniuma kusikia mjini watu wakisema hivyo.

Kuna tatizo jingine: orodha ya huduma ya sensa huandika kijiji kizima. Kijiji kikiwa na basi, kitongoji cha juu nacho kinaonekana kina basi.

Saa tisa tunaonana na ASHA, mhudumu wa afya wa jamii. Gari la wagonjwa, namba 108, huishia chini. Mjamzito anayekaribia kujifungua huhamia kwa ndugu karibu na lami. Mgonjwa wa ghafla hubebwa kwenye blanketi lililofungwa kwenye mti wa mwanzi. Ananionyesha mwanzi wenyewe, umechomekwa chini ya paa; ncha zake mbili zimelainika kwa mabega ya watu.

Jioni, baada ya bhakri, mkate bapa wa huku, na dengu, naingiza takwimu kwenye kompyuta. Nimeongeza safu ambayo dodoso halikuwa nayo: walioondoka, na sababu ya kuondoka. Sarpanch, mwenyekiti wa kijiji, ameomba jumla zake, bila majina, azisome kwenye gram sabha, mkutano wa wanakijiji wote. Nitampa, na safu ya walioondoka itakaa ukurasa wa kwanza.