Siku nzima Gyeongbokgung

Leo tumeshinda Gyeongbokgung, kasri la wafalme wa Joseon, yaani Korea ya zamani, hapa Seoul. Lilijengwa 1395, likateketea 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, likajengwa upya karne ya 19, kisha wakoloni wa Kijapani wakabomoa sehemu kubwa. Inauma!

Wengi hukimbilia ukumbi wa enzi. Mimi nilinasa nyuma ya makazi ya malkia, kwenye dohani za matofali zenye pande sita, zimenakshiwa maua na ndege. Moto ulipasha sakafu joto, moshi ukapita chini ya ardhi hadi kwenye dohani hizo. Mafundi wale walikuwa mafundi kweli!

Ukivaa hanbok, vazi la asili la Kikorea, unaingia bure. Jumanne huwa wamefunga, jamani, msije siku hiyo.